Ridhaa ya Mikono ya Veneranda

Mkono wa kwanza ulishushwa kwenye gari saa mbili asubuhi. Ilipofika saa nne ulikuwa umeshafungwa kwenye reli yake ukingoni mwa shimo namba sita, ukichimba.

Wafanyakazi saba wa uchimbaji wa mambo ya kale wa Nsansala walisimama kando wakiutazama. Hakuna aliyewaambia wasimame, na hakuna aliyewaambia washuke shimoni. Ulikuwa mkono mmoja tu, mwembamba, mweupe usiong'aa, wenye kiwiko kimoja na vidole vinne, na vidole hivyo vilishika mwiko wa kawaida wa fundi uashi uliosagwa ncha. Ulikwangua udongo kwa unene wa ukucha, ukafagia, ukalaza mwiko ubavu, ukakwangua tena. Pale udongo ulipobadilika rangi uligonga mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

"Mama Ozi," alisema Filiberti Sangu, mchimbaji aliyekuwa amesimama mbele ya wenzake, "huyo si wewe?"

Veneranda Malocha, Mama Ozi mwenyewe, aliendelea kuutazama mkono. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na saba kati ya hiyo alikuwa ameitumia akiwa amepiga magoti katika mashimo ya watu wasomi. Mwenyewe aliishia darasa la saba. Lakini watafiti watatu waliopata uprofesa kwa kuandika juu ya matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma ya Ufipa walikuwa wamepata vitu vyao kutoka chini ya mwiko wake, na hata mmoja hakuwahi kuvunja bomba la kupulizia moto mbele yake zaidi ya mara moja.

Ng'ambo ya shimo alisimama Dokta Leokadia Kapufi, kiongozi wa uchimbaji. Naye aliyatambua yale mapigo mawili. Alijifunza kuyapiga akiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, Veneranda akiwa amemshika kifundo cha mkono na kumwambia, "Usikilize kwa kidole, siyo kwa sikio." Sasa yalipigwa na kitu kisicho na sikio.

Glavu ndizo zilizoleta haya yote. Zilikuwa nyembamba, za rangi ya udongo, na ndani ya kila moja mlikuwa na vihisio mia tisa vilivyopima nguvu ya kila kidole, joto lake, pembe ya kiganja na mtetemo uliopanda kupitia mwiko. Wafanyakazi wa Nsansala walizivaa misimu mitatu. Kila jioni yale yaliyorekodiwa yalipelekwa kwenye Hazina Huria, ghala la maarifa ambalo vyuo kumi na tisa vya Afrika vilikubaliana kulijenga mwaka 2061, na ambalo kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kilichogunduliwa kwa jasho la umma hakifungiwi na mtu. Mwanafunzi yeyote aliweza kuchukua rekodi, akavaa glavu za kufundishia, na glavu zikamsukuma vidole vyake kama alivyofanya Veneranda. Mashine nayo iliweza kuchukua rekodi hizo hizo.

Mkono ulifika kwenye udongo mwekundu, udongo uliowahi kuungua. Ukasimama, mwiko ukaning'inia hewani. Filiberti alidhani umeharibika.

"Hapana, haujaharibika," alisema fundi aliyeuleta, kijana mchangamfu aliyejivunia kazi yake. "Hiyo tunaiita kusita kwa mtaalamu. Sekunde kumi na moja. Rekodi bora zaidi zote zina hiyo, kwenye udongo mwekundu tu. Kuna makala imeandikwa. Wanasema mchimbaji hodari anakuwa anapima unyevu kabla ya kuingia kwenye tanuri."

Kweli, baada ya sekunde kumi na moja mkono ukaendelea.

"Rekodi hizo ni za msimu gani?" Veneranda aliuliza. Ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo.

Fundi akaangalia kibao chake. "Wa pili. Wiki ya tatu, mwezi wa nane."

"Shimo la nne."

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Jumatatu ya wiki ile ndiyo tulimzika mama yangu," alisema Veneranda. "Jumanne nikarudi kazini. Nilikuwa nikisimama. Udongo mwekundu ule ulifanana na ule wa makaburini. Sikuwa napima unyevu wowote."

Mkono ukakwangua futi moja zaidi, ukakuta wekundu tena, ukasimama. Watu wote waliokuwa pale walizihesabu sekunde zile kimoyomoyo. Hakuna aliyetazama mahali alipokuwa Veneranda.

Barua zilifika adhuhuri, kwenye simu ya kila mmoja kwa wakati mmoja. Filiberti alisoma yake kwa sauti: mradi unawashukuru kwa mchango wenu, mikataba yenu itakwisha tarehe thelathini, haitahuishwa. Leokadia hakuwa ameambiwa. Lakini hakushangaa, na kule kutoshangaa ndiko kulikomfanya ashindwe kuwatazama usoni.

Veneranda alikunja kanga yake, akaiweka begani, akamkaribia.

"Dokta. Siku ile ulisema glavu ni za kuhifadhi ujuzi wetu usipotee. Ulikuwa unauhifadhi wapi?"

*

Lalamiko lilipelekwa na Filiberti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi na hasira ya kutosha. Lilikuwa na mistari sita tu. Lilitaja kifungu kimoja cha Sheria ya Kazi na Mashine: kwamba mfanyakazi hawezi kuondolewa kazini na mashine iliyofunzwa kwa mikono yake mwenyewe, isipokuwa awe ameridhia kwa hiari na kwa kuelewa. Kwa vile kazi yenyewe ilikuwa utafiti, suala likaangukia Kamati ya Maadili ya Utafiti.

Profesa Sadala Mwinyimvua, mkurugenzi wa mradi mzima, alimpigia Leokadia siku tatu kabla ya kikao. Alikuwa ndiye aliyesimamia shahada yake ya uzamivu, na ndiye aliyemwombea nafasi ya Nsansala wakati wengine waliona bado ni mbichi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Fomu walitia saini wote saba. Kurasa nne. Ukurasa wa tatu unasema wazi, rekodi zinaweza kutumika kufunzia mifumo ya kiotomatiki. Uliwasomea, hukuwasomea?"

"Niliwasomea, Profesa."

"Basi. Watakuuliza hilo, utajibu hilo. Sikuombi useme uongo, Leokadia. Sijawahi kukuomba."

Alikuwa anasema kweli. Siku ya kutia saini, kabla ya msimu wa kwanza, Leokadia alisoma kurasa zote nne, amesimama juu ya kreti, mawingu yakiwa yameshaifunika milima ya upande wa ziwa na kila mtu akitaka kumaliza kabla ya mvua. Alisoma haraka, kwa Kiswahili cha wanasheria, "mrekodiwa" na "mnufaika wa pili" na "mifumo ya kiotomatiki". Alipofika mwisho aliona nyuso saba zinazomsubiri awaambie kilichosemwa. Ndipo akasema: "Kwa kifupi, ni za kuhifadhi ujuzi wenu usipotee." Wakatia saini. Mvua ikanyesha.

"Unajua nini kiko Bonde la Ruhanga," aliendelea Profesa. "Bwawa linajazwa baada ya siku arobaini. Matanuri mia tatu. Thokozani anayeongoza kule ana mikono ya mashine kumi na miwili inayochimba tangu alfajiri hadi jua linapozama, na yote inatumia rekodi za Nsansala. Kamati ikizibatilisha, inasimama siku hiyo hiyo. Maji hayatasubiri sisi tuandike fomu nyingine."

"Najua."

"Na wewe utavuliwa uongozi. Hilo pia unalijua."

"Nalijua, Profesa."

Baada ya simu alikaa ofisini akiitazama picha ya Bonde la Ruhanga iliyopigwa kutoka angani. Matanuri yalionekana kama vidonda vya ndui kwenye ngozi ya nchi, mamia, mengi yakiwa ya miaka elfu moja na zaidi. Walioyajenga hawakuacha andiko hata moja. Yote waliyoyajua yalikuwa katika unene wa kuta na mwinamo wa mabomba, na mtu wa kuyasoma alihitaji vidole kama vya Veneranda. Leokadia aliamini jambo hili kwa moyo wake wote. Ndilo lililomfanya asome fomu haraka.

*

Kikao kilifanyika Sumbawanga, katika ukumbi wa halmashauri uliokuwa bado na mapambo ya harusi ya Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa Jaji mstaafu Tumsifu Lyatuu, mwanamke mfupi aliyekuwa akiandika kila kitu kwa kalamu ya wino na kumfanya kila shahidi amsubiri.

Thokozani Phiri alitoa ushahidi kwa njia ya skrini, akiwa amesimama bondeni na kofia ya nyasi kichwani. Alikuwa binti wa Kimalawi wa miaka ishirini na tisa, na Kiswahili chake alijifunza ukubwani.

"Mimi sikuwa na mwalimu," alisema. "Chuoni kwetu aliyejua kuchimba tanuri alifariki kabla sijaanza. Nilivaa glavu, na mama mmoja nisiyemjua alinifundisha kwa miezi minane. Alikuwa ananivuta kidole gumba kila nikibonyeza sana. Sikujua jina lake mpaka juzi. Rekodi zina namba tu." Akatafuta maneno. "Kama mtaziondoa, nitaelewa. Lakini niseme ukweli, hapa tutapoteza vitu ambavyo havitarudi."

Veneranda, aliyekuwa mstari wa mbele, aliinama kidogo kuitazama ile skrini vizuri, hasa mikono ya binti yule.

Kisha akaitwa Leokadia.

"Dokta Kapufi," alisema Jaji, "uliwasomea fomu hii wafanyakazi saba?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Yote?"

"Yote."

Jaji aliandika. Profesa Mwinyimvua, kwenye kiti cha nyuma, alishusha pumzi. Leokadia angeweza kurudi kukaa pale pale, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amesema uongo. Alimwona Veneranda amekaa na viganja wazi mapajani, kucha zimekatwa fupi, sugu moja ya miaka mingi kwenye shina la kidole cha shahada. Akapiga moyo konde.

"Mheshimiwa, naomba kuongeza."

"Ongeza."

"Niliwasomea, lakini sikuwaeleza. Nilipomaliza kusoma niliwapa maana kwa sentensi moja, na sentensi hiyo haikutaja mashine. Walitia saini sentensi yangu. Hawakutia saini fomu."

Kalamu ya Jaji ilisimama. "Unafahamu unachokisema?"

"Nafahamu."

"Rudia taratibu, niandike neno kwa neno."

Akarudia. Ilichukua muda mrefu, na mara mbili Jaji alimrudisha nyuma. Alipomaliza, Profesa Mwinyimvua alikuwa ameshatoka ukumbini.

*

Uamuzi ulitolewa siku ile ile, alasiri. Ridhaa ya Nsansala ilibatilishwa. Rekodi zote zingeondolewa kwenye Hazina Huria, na mashine zote zilizofunzwa nazo zingezimwa, mpaka kila mwenye mikono aulizwe upya, peke yake, kwa lugha anayoongea nyumbani, na aeleweshwe mpaka aweze kueleza mwenyewe. Mikataba ya wafanyakazi ingeendelea. Dokta Kapufi asingeongoza utafiti wowote kwa miaka mitatu.

Kuwauliza upya kulichukua siku tatu. Mtu wa kueleza kwa Kifipa alitafutwa, mwalimu mstaafu asiye na uhusiano na chuo. Wafanyakazi wanne waliridhia kila kitu. Filiberti na mwenzake mmoja walikataa kila kitu. Veneranda aliingia wa mwisho.

Leokadia hakuruhusiwa kuwamo, lakini mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, na waliokuwa barazani walisikia.

"Yule binti wa bondeni," Veneranda alisema, "na wengine kama yeye. Mtu akitaka kujifunza, avae. Nampa. Mashine isivae."

"Fomu ina visanduku viwili, mama," ilisema sauti ya Jaji. "Kukubali na kukataa. Sheria haitofautishi anayejifunza."

"Mimi natofautisha. Binti akijifunza, ataanza kwangu, halafu ataacha vya kwangu, atachimba kivyake. Nikikosea, atakosoa. Ile nyingine imechukua wiki ya msiba wangu ikaiita utaalamu, na itairudia mpaka vyuma vyake vioze. Sitaki."

Kisha ukasikika mkwaruzo wa kalamu ya wino.

"Nachora kisanduku cha tatu," alisema Jaji. "Sijui kama kitasimama mbele ya mahakama. Weka alama yako hapa."

Mikono kumi na miwili ya Bonde la Ruhanga ilikuwa imezimwa tangu uamuzi uliposomwa. Wale wanne walioridhia hawakuwa na rekodi za kutosha. Fundi alizijaribu, mikono ikavunja mabomba mawili katika saa moja, Thokozani akaifunika kwa maturubai. Zilibaki siku thelathini na tatu. Akapiga simu Nsansala, akaomba kuzungumza na yule mama wa glavu.

Hakuna aliyesikia walichozungumza. Ila jioni Veneranda aliwaambia wenzake kwamba gari litakuja Ijumaa, na anayetaka kwenda kuchimba bondeni kabla ya maji ajiandikishe. Watano walijiandikisha. Leokadia alisubiri wote wamalize, akaandika jina lake chini yao, na kwenye nafasi ya kazi akaandika: kibarua.

*

Walifika bondeni na kuanza siku hiyo hiyo. Kazi iligawanywa na Veneranda, na Thokozani, ambaye kwa karatasi ndiye aliyekuwa kiongozi, alimfuata nyuma akiandika. Veneranda alitembea katikati ya matanuri kwa saa mbili bila kugusa kitu. Mwisho alisema kwamba kwa watu hawa na siku hizi watapata tisini, labda mia moja kama mvua itachelewa.

"Na mia mbili nyingine?" Thokozani aliuliza.

"Piga picha," alisema Veneranda.

Leokadia alisikia. Tangu barazani kule alikuwa anajiambia kwamba alifanya lililo sawa, na bado aliamini hivyo. Lakini sasa alikuwa amesimama kati ya vichuguu vya udongo ulioungua, akiweza kuhesabu kwa macho yake vile ambavyo sentensi yake ya ukumbini ilivipeleka majini, na imani ile haikumpunguzia chochote. Pale pembeni kulikuwa na tanuri dogo ambalo ukingo wake ulikuwa na alama za vidole vya aliyelifinyanga, vinne na gumba. Lilikuwa nje ya orodha ya yale tisini.

Akamfuata Veneranda kwenye shimo la kwanza. Mama yule alikuwa ameshapiga magoti, Thokozani ubavuni pake, na alikuwa amemshika binti kifundo cha mkono.

"Mama Ozi," alisema Leokadia. "Nianzie wapi?"

Veneranda aliuachia mkono wa Thokozani. Akajipangusa vumbi mapajani, akainua uso.

"Kule ukumbini walikuuliza kama ulisoma. Ukasema ulisoma. Wewe mwenyewe ukaongeza kwamba hukueleza. Ulifanya vizuri, na nimeona ulichopoteza." Alizungumza bila haraka, kwa sauti ile ile aliyoitumia kusema udongo huu ni wa tabaka lipi. "Lakini kuna kitu hawakukuuliza."

"Kipi?"

"Siku ile ya mvua. Ulikuwa umesahau ukurasa wa tatu, au ulikuwa unaujua?"

Thokozani aliinamisha macho kwenye udongo. Leokadia angeweza kusema amesahau. Mawingu yalikuwepo, watu walikuwa na haraka, na miaka mitatu ni mingi.

"Nilikuwa naujua," alisema. "Niliuelewa vizuri. Niliogopa nikiwaeleza mtakataa, na mimi nilizitaka zile rekodi kuliko nilivyotaka kusikia mnasema nini."

Veneranda aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kipimo ambacho alishakipima mwenyewe. Alichukua mwiko wake.

"Haya. Chekecheke liko pale karibu na mtungi wa maji. Utachekecha udongo unaotoka huku. Shimoni kwangu hushuki leo."

Leokadia alikwenda, akalisimamisha chekecheke juu ya miguu yake mitatu, akakunja mikono ya shati, akangoja ndoo ya kwanza.